Panya shamba: Kiumbe mdogo anayeamua hatima ya mahindi

MKAZI wa mjini anaposikia neno panya, mawazo yake huenda moja kwa moja darini, stoo au kwenye mtaro wa maji machafu. Hata hivyo, panya anayemgusa zaidi mkazi huyo mfukoni si yule anayekwaruza dari usiku. Ni mwingine, mdogo zaidi, anayeishi mashambani na kutimiza uharibifu wake gizani, katika wiki mbili za kwanza baada ya mkulima kufukia mbegu. Wakulima humwita panya shamba. Wanasayansi humwita Mastomys natalensis.

Miongoni mwa panya wote wa Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara, huyu ndiye anayehesabiwa kuwa mharibifu mkubwa kuliko wote wa nafaka. Kwa mujibu wa makadirio ya watafiti wa Tanzania, panya huangamiza kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi yanayolimwa nchini kila mwaka, na sehemu kubwa ya hasara hiyo ni kazi ya panya shamba. Hiyo ni hasara ya mwaka wa kawaida. Katika mwaka wa mlipuko, mkulima mmoja mmoja huweza kupoteza karibu mbegu zote alizopanda, na upungufu huo hatimaye huonekana katika bei ya sembe sokoni.

Pamoja na madhara hayo, panya shamba ni miongoni mwa wanyamapori wa Afrika waliochunguzwa kwa makini zaidi, na sehemu kubwa ya yanayofahamika juu ya maisha yake imetokana na utafiti uliofanyika Morogoro.

Umbo na jamaa zake

Panya shamba ana urefu wa kati ya sentimita 10 na 13 kutoka puani hadi kwenye shina la mkia, na mkia wake unakaribia urefu huo huo. Uzito wa aliyekomaa kwa kawaida ni gramu 30 hadi 80. Manyoya yake ni laini, ya rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu mgongoni, na ya kijivu kilichofifia tumboni. Macho yake ni makubwa kiasi, kama ilivyo kwa wanyama wengi wanaotafuta riziki usiku.

Alama inayomtofautisha na wengine ipo kwa jike. Panya wa nyumbani huwa na jozi tano au sita za chuchu, lakini jike wa panya shamba ana jozi nane hadi 12, zilizojipanga kwa mstari mmoja mfululizo kutoka kifuani hadi tumboni. Si pambo. Ni kielelezo cha idadi ya watoto anaoweza kuwanyonyesha kwa wakati mmoja.

Kitaalamu aliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1834 na Andrew Smith, daktari wa Kiskoti aliyekuwa akichunguza wanyama wa kusini mwa Afrika. Jina lake la pili limetokana na Natal, eneo la Afrika Kusini alikopatikana panya wa mfano. Leo inafahamika kuwa makazi yake yanaenea kutoka Senegali hadi Afrika Mashariki na kushuka hadi Afrika Kusini, jambo linalomfanya kuwa mmoja wa panya walioenea zaidi barani.

Kwa muda mrefu wanasayansi walimchanganya na ndugu yake wa karibu, Mastomys coucha, kwa kuwa kwa macho hawatofautiki. Ni uchunguzi wa kromosomu uliofichua siri hiyo: natalensis ana kromosomu 32, coucha ana 36. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini yalionyesha kuwa coucha hufa kwa urahisi akiambukizwa bakteria wa tauni, ilhali natalensis huvumilia zaidi.

Panya shamba hapaswi pia kuchanganywa na panya buku, mnyama mkubwa anayeweza kufikia zaidi ya kilo moja. Panya buku ndiye anayefunzwa mjini Morogoro na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, na mmoja wao, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020. Wote wawili huitwa panya, lakini mmoja ni mtumishi na mwingine ni mdai.

Makazi na chakula

Panya shamba hupenda nyika zenye majani, mashamba ya nafaka, kingo za mashamba na ardhi iliyolazwa bila kulimwa. Ni mwanzilishi: mahali palipofyekwa au kuunguzwa moto, yeye huwa miongoni mwa wa kwanza kuhamia. Kwa maana hiyo, binadamu anapofungua shamba jipya humtengenezea makao bila kukusudia. Mpangilio wa mashamba madogo madogo yaliyochanganyika na vipande vya pori, ambao ndio sura ya kilimo cha wakulima wengi wa Afrika Mashariki, humpa maficho na chakula kwa umbali wa hatua chache.

Chakula chake kikuu ni mbegu za majani na nafaka. Huongezea mashina machanga, majani na wadudu, kulingana na kinachopatikana katika msimu. Mchana hujificha katika mashimo, na giza likiingia hutoka kutafuta chakula.

Kuna methali isemayo kuwa panya wengi hawachimbi shimo. Kwa panya shamba, wingi ndio desturi. Tofauti na wanyama wengi wanaolinda mipaka yao kwa ukali, yeye hana himaya anayoigombania. Maeneo ya kuzungukia ya panya mmoja na mwingine hupishana, na shimo moja huweza kutumiwa na wengi. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha pia kuwa madume na majike hawana wenzi wa kudumu. Upole huu ndio unaoruhusu idadi yao kupanda hadi viwango ambavyo mnyama mgomvi asingeweza kuvihimili.

Uzazi unaofuata mvua

Mimba ya panya shamba huchukua takriban siku 23. Jike huzaa kwa wastani watoto kumi au zaidi kidogo kwa mkupuo mmoja, na mara nyingine hufikia 20. Hunyonyesha kwa wiki tatu hivi na huweza kushika mimba nyingine muda mfupi baada ya kujifungua. Kwa hesabu ya karatasi, jike mmoja angeweza kuijaza tarafa nzima. Kinachozuia hilo ni maisha mafupi, kwani walio wengi hawafikishi mwaka mmoja, na uzazi ambao haufanyiki ovyo bali hufuata mvua.

Katika maeneo yenye misimu miwili ya mvua kama Morogoro, mzunguko wa mwaka wa kawaida huwa hivi. Masika huanza Machi. Majani huchipua, chakula bora huongezeka, na mwezi mmoja hivi baadaye majike huanza kuzaa. Uzazi huendelea hadi kiangazi. Watoto wanaozaliwa katika kipindi hicho hukua polepole na hubaki bila kuzaa, wakisubiri mvua za mwaka unaofuata. Idadi ya panya hufikia kilele karibu na Oktoba, kisha hushuka kwa miezi kadhaa kwa sababu wanaokufa ni wengi na hakuna wanaozaliwa.

Mwaka wa hatari ni ule ambao mvua za vuli, Novemba na Desemba, hunyesha kwa wingi usio wa kawaida. Panya waliokuwa wakisubiri masika hukomaa mapema na kuzaa kabla ya wakati. Watoto wao hukuta chakula tele, hukua haraka na kuwahi nao kushiriki katika uzazi wa masika. Badala ya kizazi kimoja, hushiriki viwili. Tofauti hiyo ya kizazi kimoja ndiyo inayozaa mlipuko.

Katika kipindi cha upungufu, hekta moja ya shamba huweza kuwa na panya wasiozidi makumi machache. Katika kilele cha kawaida hufikia mamia. Katika milipuko, watafiti wamewahi kukadiria zaidi ya panya 1,000 katika hekta moja.

Swali lililowasumbua wataalamu ni vipi panya hutambua kuwa mvua imeleta neema. Jibu moja linapendekezwa na jamaa zake wa mbali wa nchi za baridi, panya wadogo wenye mikia mifupi wanaoishi kwenye majani ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa aina mojawapo ya panya hao wa milimani huanza kuzaa baada ya kula kemikali inayopatikana katika majani machanga. Kwa panya shamba nako imependekezwa kuwa viambata vya mimea inayochipua huchangia kuamsha uzazi, sambamba na ubora wa chakula chenyewe.

Hata hivyo, ulinganisho huo una mipaka. Idadi ya panya wale wa kaskazini mwa Ulaya hupanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka mitatu hadi mitano, jambo ambalo Mwingereza Charles Elton alilifanya kuwa mada kubwa ya kisayansi kuanzia mwaka 1924. Panya shamba hana mzunguko wa aina hiyo. Kalenda yake huandikwa na mawingu.

Hesabu ya kila mwezi

Maelezo haya hayakupatikana kwa kubahatisha. Katika eneo la Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mjini Morogoro kuna uwanja wa hekta tatu wenye vituo 300 vya mitego, kila kimoja kikiwa umbali wa mita 10 kutoka kingine. Tangu mwaka 1994, kwa usiku tatu mfululizo kila mwezi, mitego ya masanduku ya bati hutegwa hapo kwa chambo cha karanga zilizosagwa na unga wa mahindi. Panya anayenaswa hupimwa, huwekwa alama na kuachiwa palepale, ili akinaswa tena ijulikane kama amekua, amezaa au amehama.

Kazi hiyo iliwaunganisha watafiti wa SUA, akiwemo Rhodes Makundi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji wakiongozwa na Herwig Leirs. Mwaka 1996 walichapisha msingi wa kitaalamu wa kutabiri milipuko kwa kutumia kiasi cha mvua za vuli. Mwaka uliofuata matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Nature, yakionyesha kuwa mvua pekee haitoshi kueleza kila kitu: wingi wa panya wenyewe nao hurudi kuathiri kasi ya kukomaa na uwezo wa kuishi.

Umuhimu wa ugunduzi huo ni wa vitendo. Kipimo cha mvua hakihitaji maabara. Mvua za Desemba zikipimwa, mwelekeo wa idadi ya panya katika msimu unaofuata huweza kukadiriwa miezi kadhaa kabla mkulima hajaona jino la panya shambani kwake.

Uharibifu shambani

Panya shamba hushambulia mahindi katika hatua mbili hasa. Ya kwanza, na mbaya zaidi, ni wakati wa kupanda. Huifuata mistari ya mashimo, akifukua mbegu moja baada ya nyingine, na zile zinazosalia huzikuta zikichipua na kukata miche. Miche ikishavuka wiki mbili hivi, hatari hupungua sana. Hatua ya pili ni pale mahindi yanapokaribia kukomaa, hasa mabua yaliyolala chini.

Mkulima aliyepoteza mbegu hulazimika kurudishia. Gharama yake haiishii katika kununua mbegu mara ya pili. Mahindi ya kurudishia huchelewa, hukosa sehemu ya mvua, na hukomaa kwa wakati tofauti na mengine. Ndiyo maana wakulima wengi wameamua kutia mbegu tatu au zaidi katika kila shimo, wakihesabu kuwa mojawapo ni fungu la panya.

Milipuko si jambo geni katika ukanda huu. Mwaka 1962 panya wa aina kadhaa, panya shamba akiwa mmojawapo, waliteketeza mahindi, ngano na shayiri nchini Kenya. Nchini Tanzania, milipuko ya mkoani Lindi ni miongoni mwa ile iliyochambuliwa kwa kina na wataalamu wa wizara ya kilimo.

Maradhi

Panya shamba pia ni hifadhi ya vimelea, ingawa hali inatofautiana kutoka eneo moja hadi jingine. Katika Afrika Magharibi ndiye mwenyeji mkuu wa virusi vya homa ya Lassa, vilivyotambuliwa mwaka 1969 nchini Nigeria na kupewa jina la mji wa Lassa. Binadamu huambukizwa zaidi kwa kugusa mkojo au kinyesi cha panya, au chakula kilichochafuliwa.

Panya wa Afrika Mashariki ni wa spishi hiyo hiyo, lakini homa ya Lassa haipo huku. Sababu mojawapo imeonekana katika vinasaba. Panya shamba wa Afrika wamegawanyika katika koo sita, na baadhi ya koo zina virusi vyake. Mwaka 2009 vilitangazwa virusi vya Morogoro, jamaa wa virusi vya Lassa, ambavyo havijulikani kumdhuru binadamu. Mwaka 2015 vikafuata virusi vya Gairo. Koo mbili za panya hao hukutana ndani ya Tanzania, na hata pale zinapokutana, kila aina ya virusi hubaki kwa ukoo wake.

Jambo la kuangaliwa zaidi nchini ni tauni na homa ya mgunda. Wilayani Lushoto, mkoani Tanga, tauni iliibuka mwaka 1980 na kujirudia kwa zaidi ya miongo miwili, ikigusa zaidi ya watu 7,000. Ugonjwa huo huenezwa na viroboto wa panya, na panya shamba ni miongoni mwa panya walio wengi katika milima hiyo. Homa ya mgunda huenezwa na mkojo wa wanyama wengi, panya wakiwemo. Ilipozuka Lindi mwaka 2022 ilisababisha vifo vya watu watatu. Tafiti za Morogoro zimemkuta panya shamba akiwa na vimelea vyake.

Udhibiti

Njia iliyozoeleka ni sumu, hususan zinki fosfaidi, ambayo huua haraka. Udhaifu wake mkubwa ni wakati. Mara nyingi sumu hutafutwa baada ya mbegu kufukuliwa, wakati hasara imekwisha kutokea. Aidha, shamba moja likisafishwa peke yake, panya wa mashamba jirani hulijaza tena baada ya muda mfupi. Sumu isiyotumiwa kwa uangalifu huua pia kuku, mbwa na ndege wanaokula panya. Katika maeneo yenye tauni wataalamu huonya kuwa viroboto washughulikiwe kabla ya panya, kwa sababu panya akifa viroboto wake hutafuta mwenyeji mwingine, naye huweza kuwa mtu.

Wengine wameweka matumaini kwa bundi. Ndege huyu, anayeogopwa katika jamii nyingi kwa kudhaniwa kuwa ni uchuro, hula panya kwa wingi na hastahili mawe anayorushiwa. Hata hivyo, majaribio ya SUA yaliyochapishwa mwaka 2006, ambapo baadhi ya mashamba yaliwekewa vituo vya kutua na masanduku ya viota huku mengine yakifunikwa kwa nyavu, hayakuonyesha kuwa ndege peke yao wanaweza kuzuia panya kuongezeka. Uzazi huwazidi kasi. Bundi ni msaidizi, si mkombozi.

Njia inayoungwa mkono zaidi sasa ni ile inayotumia maarifa ya maisha ya panya mwenyewe. Kijiji kizima hutega kwa pamoja badala ya kaya moja moja. Kazi hufanyika mapema, kabla ya kupanda, wakati panya ni wachache na hawajaanza kuzaa. Kingo za mashamba hufyekwa, mashamba ya jirani hupandwa kwa wakati mmoja, na mazao hayaachwi shambani baada ya kukomaa. Mradi wa utafiti uliohusisha Tanzania, Namibia na Swaziland, nchi ambayo sasa huitwa Eswatini, ulionyesha kuwa utegaji wa pamoja huweza kupunguza panya bila kutegemea sumu.

Watafiti wa SUA wamejaribu pia chambo chenye homoni za kuzuia uzazi, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kuwa hupunguza uwezo wa panya shamba kuzaa. Wazo lenyewe linafuata mantiki ya mnyama huyu: mwenye nguvu yake katika uzazi hudhibitiwa katika uzazi.

Kikwazo kilichobaki ni cha kupeleka taarifa. Miaka ya El Niño kwa kawaida huja na vuli kubwa Afrika Mashariki, na utabiri wake hutolewa na mamlaka za hali ya hewa wiki au miezi kabla. Tangazo hilo husikilizwa mijini kwa hofu ya mafuriko na barabara kukatika. Kwa mkulima wa mahindi, tangazo hilo hilo ni onyo juu ya mbegu atakazopanda msimu unaofuata. Mitego ikitegwa mara baada ya vuli hiyo, kazi inawezekana. Ikisubiriwa hadi miche ianze kupotea, kinachobaki ni kurudishia mbegu na kuomba mvua isikatike mapema.